Mbuzi wa Bi Mauwa

Buguruni nzima ilijua kwamba Bi Mauwa Mkumba hawezi kumvumilia mtoto aliyefunga mikono. Walimu waliwaleta wanafunzi kwenye Nyumba ya Kumbukumbu wakiwa wamewaonya njia nzima: msiguse, msisogee, msiulize ovyo. Watoto waliingia uani mikono nyuma, wamenyooka utadhani wanasubiri viboko. Bi Mauwa aliwatazama, akacheka, akamwita aliyekuwa mbele. "Njoo, baba. Shika mchi huu, twanga." Mtoto akaanza kutwanga, na wenzake wakasogea mmoja mmoja mpaka mwalimu akajikuta yuko peke yake mlangoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya bibi yake mzaa baba, nyumba ya Kizaramo ya miti na udongo, paa la makuti, baraza mbele na ua nyuma. Miaka michache baada ya Uhuru kila mwenye uwezo Buguruni alikuwa anatafuta mabati, na nyumba za namna ile zikaanza kuonewa haya. Hapo ndipo walimu na makarani wachache wa mtaani walipounda Chama cha Kumbukumbu, wakasema nchi mpya haiwezi kujijua kama haijui ilikuwa inalala wapi na kula nini. Hayo ni maneno makubwa, na miaka ile maneno makubwa hayakuwa na uhaba. Lakini watu hawa, wapewe haki yao, walipanda juu ya paa wenyewe siku za Jumapili wakaezeka makuti mapya. Bi Mauwa alipowaona makarani wenye mashati meupe wakiteremka na vumbi machoni, aliwakabidhi nyumba. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba yeye ndiye atakayeendelea kuifagia.

Wakati ule alikuwa mjane wa makamo, mpika vitumbua, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Shule hakwenda. Kisomo cha watu wazima kilipofika Buguruni alikaa benchi la mbele, akabishana na mwalimu kuhusu kila herufi, akajua kusoma mapema kuliko wengi waliokaa kimya. Kichwa chake kilikuwa kigumu, hilo halina ubishi, na watu waliompenda ndio waliolalamika zaidi.

Katibu wa Chama alikuwa Ansbert Rwezaura, Mhaya wa Bukoba, karani wa serikali, mtu wa suruali iliyonyooka na Kiswahili kilichonyooka zaidi. Huyu ndiye aliyemtoa Bi Mauwa kwenye ufagio. Siku moja alikuwa anawaeleza wanafunzi habari za vyombo vya jikoni, na alieleza vizuri, maana alikuwa amejiandaa. Watoto walimsikiliza kwa adabu. Katikati ya maelezo alimwomba Bi Mauwa awaonyeshe kifumbu kinavyochuja tui, na Bi Mauwa alipoanza, adabu ikawatoka watoto ikaingia hamu. Ansbert aliliona hilo na hakuona wivu. Kwenye kikao kilichofuata alisema, "Ndugu wajumbe, mie nibaki na mafaili. Watoto muwaache kwa Bi Mauwa."

Ndivyo zilivyoanza Jumamosi za watoto. Shule za Buguruni, Tabata na Temeke zilipeana zamu. Watoto walitwanga, wakapepeta, wakasuka makuti, wakachota maji kwa kata, wakavunja chungu kimoja kimoja, naye Bi Mauwa akawaonyesha jinsi chungu kinavyofinyangwa upya. Watu waliotoka mbali kuja kutazama makumbusho walizoea kuona vitu vimelala. Hapa vilikuwa vinafanya kazi, na jasho la watoto lilikuwa limeving'arisha kuliko rangi yoyote ya dukani.

Kitu walichokipenda kuliko vyote kilikuwa mbuzi. Kila nyumba ya pwani inayo mbuzi ya kukunia nazi, kigoda cha kukalia chenye ulimi wa chuma mbele. Lakini hii aliichonga babu yake Bi Mauwa kwa ajili ya mke wake, akaipa shingo, akaipa masikio mawili, na kidevu chenye ndevu fupi za mti. Watoto waligombania kuikalia. Bi Mauwa aliwaambia, "Taratibu, huyu ni mbuzi wangu na amezeeka. Yeye hali majani, anakula nazi."

Ansbert hakuweza kulipita jambo hilo.

"Bi Mauwa, unawaharibia watoto lugha. Hicho ni kifaa. Sema mbuzi yangu, hii. Mbuzi wangu, huyu, ni yule wa kuchunga."

"Katibu, umeona wapi kifaa chenye ndevu?"

Watoto walicheka, Ansbert naye akacheka, na mbuzi akabaki kuwa huyu. Hakuna aliyefikiri kwamba neno dogo namna hiyo linaweza kumtia mtu matatani.

Mwaka ule taifa lilipojiandaa kutimiza miaka kumi ya Uhuru, wanafunzi wa darasa la nne walikuja kutoka Tabata, wakisindikizwa na mwalimu wao na mzazi mmoja wa kamati ya shule. Mzazi huyo alikuwa Albano Kashindye, fundi wa reli, Mnyamwezi wa Nzega, pande la mtu mwenye bega moja lililoshuka kwa miaka ya kubeba mataruma ya kulazia reli. Siku hiyo somo la Bi Mauwa lilikuwa utani.

"Zamani," aliwaambia watoto, "Wanyamwezi walikuja pwani na mizigo mabegani, miguu imevimba. Babu zetu Wazaramo waliwapokea, wakawalaza kwenye baraza kama hili. Wakagombana, wakataniana, mwisho wakawa watani. Mtani akija kwako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, nawe unacheka. Akimwona kuku wako anamchukua. Akimwona mbuzi wako anamfungua kamba anaondoka naye. Na mwenye mbuzi hakasiriki. Akikasirika, utani umekufa hapo hapo."

Kisha akasogea kwenye somo la nazi, akamketisha msichana mmoja kwenye kigoda, akasema kama kawaida yake, "Huyu ndiye mbuzi wangu."

Albano alikuwa ameegemea nguzo ya baraza. Alijikohoza.

"Watoto, Bibi amesema mbuzi huyu ni wa nani?"

"Wa kwake."

"Na Bibi ni kabila gani?"

"Mzaramo."

"Na mie niliyetoka Nzega na hili bega langu, ni nani wake?"

Watoto walitazamana, halafu wote kwa pamoja wakasema, "Mtani."

"Basi," alisema Albano. Akamnyanyua yule msichana taratibu, akamweka kando, akaipachika mbuzi begani, lile bega lililoshuka, akasimama nayo.

Bi Mauwa alishika kiuno. Alikuwa amenaswa kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya darasa zima, na alijua. Angesema mbuzi yangu, kama Katibu alivyomfundisha, angekuwa na pa kutokea.

"Mtani, nazi utaitoa wapi wewe uliyezaliwa porini?"

"Nitamlisha mihogo, atazoea. Mie mwenyewe nilizoea samaki wenu wanaonuka."

"Nenda naye. Usiku atakulilia, hutalala."

Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Albano alitoka langoni na mbuzi begani, darasa likamfuata hadi Tabata likilia me-e-e barabarani, na mwalimu wao akashindwa kulinyamazisha. Bi Mauwa alibaki barazani akifuta machozi ya kicheko. Aliona somo lile ndilo lililofaulu kuliko yote aliyowahi kufundisha, na hakukosea.

Kosa lilikuja baada ya hapo. Bibi yake alimlea akijua kwamba mtani akichukua kitu hufuati mlango wake. Ukimfuata umeonyesha kinyongo. Yeye mwenyewe hukirudisha akishachoka kucheka, na wewe unampokea kwa matusi na chakula. Kwa hiyo Bi Mauwa alikaa akingoja. Jumamosi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, watoto wakikuna nazi kwa mbuzi ya kuazima kwa jirani, isiyo na shingo wala masikio. Albano hakutokea.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Ansbert. Naye alikuwa na sababu yake ya kuuliza. Mwaka uliotangulia ngoma kubwa ya Chama iliazimwa kwa ajili ya harusi, ikapita harusi hadi harusi, na haikuonekana tena. Ofisa utamaduni wa mkoa aliambiwa, akasema wazi kwamba kikipotea kitu kingine Jumamosi za watoto zitasimama, na vitu vyote vitawekwa ndani ya kabati la vioo kama makumbusho mengine yanavyofanya. Sasa ofisa huyo alikuwa anatarajiwa kuja kukagua.

Kikao kilifanyika barazani. Ansbert aliongea kwa upole, maana alimpenda Bi Mauwa, na upole wake ulimuudhi Bi Mauwa kuliko ambavyo angefokewa.

"Bi Mauwa, sisemi una kosa. Nasema kitu kimetoka mlangoni mchana kweupe, na wewe ulikuwa unacheka."

"Nilicheka kwa kuwa ilichekesha."

"Sawa. Mkoani niwaambie nini?"

"Waambie kachukua mtani."

"Mkoani hawana mahali pa kuandika mtani. Wana kipo, na wana kimeibwa."

"Basi upungufu ni wao."

Wajumbe waliinama kuficha vicheko. Ansbert hakucheka. "Nisikilize, mama yangu. Tumjue au tusimjue aliyechukua, tukitoa taarifa polisi kwamba kuna mwizi, Chama kimetimiza wajibu. Jumamosi zako zinabaki. Neno moja tu."

Bi Mauwa alizitaka Jumamosi zile kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Mtoto hakujaliwa, mume alikuwa amekufa, na vitumbua ni vitumbua. Watoto wale wa kuja na kuondoka ndio waliomfanya aamke alfajiri akiwa na hamu ya kuamka. Neno moja lingezinusuru. Alilifikiria, akalitazama kila upande, na kila upande lilikuwa la uongo.

"Darasa zima lilinisikia nikisema mwenye mbuzi hakasiriki," alisema mwishowe. "Nikimpeleka polisi leo, Jumamosi nitawafundisha nini? Nitawaambia utani ni mpaka mkoa wakague? Siwezi, Ndugu Katibu. Fungeni."

Wakafunga. Ofisa alikuja, akauliza, akaandika, na kabati la vioo likaletwa na mkokoteni. Vyungu, ungo, kata na kifumbu viliingia ndani na kufuli likawekwa. Mbele ya chumba cha bibi ikavutwa kamba. Shule ziliendelea kuja, lakini watoto walisimama nyuma ya kamba na Ansbert akawasomea. Alisoma vizuri kama siku zote, na hakuna siku aliyoifurahia kazi hiyo.

Iliuma. Bi Mauwa hakumficha mtu. Aliendelea kufagia, maana sharti lilikuwa sharti, na watoto walipomwita "Bibi, leo hatutwangi?" aliwajibu kwamba mchi unaumwa. Majirani walimwambia aende Tabata akamdai yule Mnyamwezi kitu chake, kuna aibu gani. Alikataa. Alijiambia kwamba akienda sasa, baada ya kufungiwa, atakwenda na hasira moyoni hata kama mdomo utacheka, na mtani ataiona. Huo ulikuwa msimamo wa mtu mwenye heshima zake. Ulikuwa pia, lisemwe lilivyo, ukaidi.

Walikutana mara moja sokoni Buguruni. Albano alikuwa upande wa pili wa mafungu ya mihogo. Alipomwona Bi Mauwa alikunja midomo, akalia, "Me-e-e." Soko zima likageuka. Bi Mauwa alimjibu, "Nyamaza, mla panya wee," watu wakaangua kicheko, na Albano akasimama pale akimtazama na tabasamu pana, kama anayengoja neno lingine. Bi Mauwa alifikiri anangoja tusi la pili. Akampa, akachukua mihogo yake, akaondoka. Kuhusu Jumamosi, kabati na kufuli hakumwambia, kwa kuwa kumwambia kungekuwa ndiko kudai.

Masika yalipokwisha, kijana mmoja alifika Buguruni akitokea Tabata, akaulizia nyumba ya Bi Mauwa Mzaramo. Alimwamkia, "Shikamoo," akasimama na kofia mkononi. "Watani wanatakiwa msibani. Baba Albano amefariki. Homa ilimshika, hakukaa nayo."

Bi Mauwa alijifunga kanga mbili. Alipita ofisini kwa Ansbert kumwarifu, na Ansbert akaacha kazi akafuatana naye, kwa kuwa marehemu alikuwa mzazi wa shule iliyoshirikiana na Chama. Njiani Ansbert alijaribu mara moja kuuliza kama ataulizia ile mbuzi, akaona uso wa mwenziwe, akaacha.

Msiba ulikuwa umejaa uani kwa Albano. Jeneza lilikuwa juu ya meza, limefunikwa kitambaa cheupe, padri amekwisha kuvaa, na mjane, Apolonia, ameketi kwenye mkeka macho makavu, hajaongea tangu asubuhi. Ndugu zake walikuwa na wasiwasi naye. Mtu anayelia anajulikana yuko wapi, lakini huyu alikuwa amekwenda mahali ambapo hawakuweza kumfikia.

Hapo ndipo kazi ya mtani inapoanza, na si kazi ya mchezo. Wengine wote msibani wana ruhusa ya kulia. Mtani hana. Yeye ameitwa achekeshe, na kadiri alivyompenda marehemu ndivyo anavyotakiwa achekeshe zaidi.

Bi Mauwa aliingia uani akiwa ameshusha bega moja. Alitembea mwendo wa Albano, mwendo wa mtu aliyebeba taruma hata akiwa mikono mitupu, akalizunguka jeneza, akajikohoza kama Albano alivyojikohoza. Mtoto mmoja wa shule alicheka, akazibwa mdomo na mama yake. Bi Mauwa alitandika kanga yake mlangoni, palepale ambapo jeneza lilipaswa kupita, akalala chali.

"Hatoki mtu hapa," alisema. "Mnyamwezi huyu ana mbuzi wangu. Anataka kwenda naye mbinguni, akamwambie Mungu ni mali yake. Nawajua hawa. Walikuja pwani na mizigo, wakiondoka wanaondoka na mizigo yetu."

Ansbert aliganda kwa aibu. Jambo kama hilo hakuwahi kuliona, na alikwishapiga hatua ili amwinue. Mzee mmoja wa Kinyamwezi alimshika mkono. "Mwache, baba. Tulikuwa tunamngoja huyo."

"Albano," aliendelea Bi Mauwa akiwa chini, akiligeukia jeneza, "umenyamaza? Sokoni ulikuwa unalia me, leo sauti imekwenda wapi? Nirudishie mbuzi wangu, nikupishe. La sivyo tulale wote hapa, na padri aje na mkeka wake."

Padri alitazama chini. Wanaume waliobeba kamba za kushushia jeneza walianza kucheka, wanawake wakafuata, na kule kwenye mkeka Apolonia akatoa sauti. Ilikuwa kicheko, halafu katikati ya kicheko ikageuka kilio, machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza, na ndugu zake wakashusha pumzi. Alipokwisha kujifuta alisimama mwenyewe, bila kushikwa, akaingia ndani.

Alitoka akiwa anavuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwa mbuzi, amefungwa shingoni kama anavyofungwa mbuzi wa kuchunga, anaburuzika mchangani kwa miguu yake ya mti, ndevu zake zimepakwa mafuta. Watu walicheka kupita kiasi. Apolonia alimfikisha mpaka pale Bi Mauwa alipolala, akamwekea kamba mkononi.

"Mbuzi wako huyu, mtani. Tangu siku aliyokuja naye alimfunga kwenye mguu wa meza, pale mtu akiingia anamwona. Kila wiki aliniamrisha nimbadilishie majani. Nikamwambia baba watoto, umepata wazimu. Akaniambia kwao mbuzi wa mtani anakuja kukombolewa na mwenyewe. Bibi yule atakuja na maneno yake na chungu cha wali wa nazi, na akifika akute mbuzi ameshiba. Juzi homa imemzidi, akaniuliza kama umekuja."

Kwenye kamba, karibu na shingo, kulikuwa na jani moja la mhogo limekwama, bado bichi.

Watu walikuwa wanangoja. Ilikuwa zamu ya mtani kujibu, na jibu lilitakiwa liwe tusi, tena kubwa kuliko yote, ili marehemu aondoke na kicheko. Bi Mauwa aliketi. Alimtazama mbuzi, akaligusa lile jani, na wote waliokuwa karibu waliona midomo yake inatetemeka kama ya mtoto anayezuiwa kulia. Kisha akajivuta pembeni na kanga yake.

"Mpisheni apite," alisema.

Wakampitisha. Bi Mauwa alilifuata jeneza mpaka makaburini akiwa anavuta kamba, na mbuzi akawa anaacha alama mbili nyuma yao kwenye njia ya vumbi.

Waliporudi, karibu na Buguruni, Ansbert alisema, "Kesho nakwenda mkoani. Nitawaambia mbuzi wako amerudi."

Bi Mauwa alimtazama. "Umesema wako, Katibu?"

"Nimesema wako." Akakohoa. "Vyungu vile vya zamani sana vibaki kabatini, vimechoka. Vingine vitoke. Kama wana swali, waje waniulize mie. Nitawaeleza mtani ni nani, na wakikosa mahali pa kuandika, nitawachorea."

Kwa muda Ansbert alikwenda na kurudi mkoani, naye kila aliporudi suruali yake ilikuwa imenyooka kama alivyokwenda. Mwisho ofisa yule alichoka naye, akaja mwenyewe, akaketishwa kwenye mbuzi akapewa nazi. Aliikuna vibaya. Alipoondoka kamba iliyokuwa mbele ya chumba ilikuwa imeshakunjwa, na hakuuliza ilipokwenda.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa zamu ya Tabata. Bi Mauwa hakuanza na kinu wala na ungo. Aliwaketisha watoto uani, akawaambia leo kuna kazi moja tu. Wakakuna nazi kwa zamu, kila mmoja akikalia mgongo wa mbuzi, wakachuja tui kwa kifumbu, wakachochea moto, na wali ukapikwa kwenye chungu kikubwa cha bibi. Ulipoiva, chungu kilifunikwa kwa jani la mgomba. Ansbert alikibeba yeye mwenyewe, shati lake jeupe likapata masizi kifuani, na msafara ukashika njia ya Tabata, watoto mbele na Bi Mauwa nyuma.

Apolonia alikuwa anachambua mchele uani alipowaona. Aliweka ungo chini. Alimtazama Bi Mauwa, akatazama harufu ya nazi inakotoka, akaelewa.

"Umechelewa, mtani," alisema.

Kila mtu alimgeukia Bi Mauwa, watoto na Ansbert, wakingoja ajibu kwa mdomo wake ule.

"Nimechelewa," alisema Bi Mauwa. Akavua viatu, akaingia jikoni kutafuta sahani.